Kaye ya Kuangalia na Kuuliza

Mtu akiona jambo leo, kesho analikumbuka nusu. Baada ya mwezi mmoja analisimulia namna nyingine. Hasemi uwongo, kichwa chake kimesahau. Kwa hiyo wenye elimu huandika kila siku mambo wanayoyaona. Someni habari ya mmoja wao.

Galileo Galilei alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji wa Padova, nchi ya Italia. Usiku wa tarehe 7 Januari 1610 alitazama Mushtarii kwa darubini, chombo kinachoonyesha vitu vya mbali kana kwamba viko karibu. Mushtarii hung'aa kama nyota kubwa, lakini ni sayari: inazunguka jua kama dunia yetu. Kando yake Galileo aliona nyota ndogo tatu katika mstari mmoja. Mbili zilikuwa upande wa mashariki, moja upande wa magharibi. Alidhani ni nyota kama nyingine tu. Lakini aliandika.

Tarehe 8, zote tatu zilikuwa upande wa magharibi.
Tarehe 9, mawingu yalifunika mbingu. Hakuona kitu.
Tarehe 10, aliona mbili tu, zote upande wa mashariki.
Tarehe 13, aliona nne.

Galileo akajiuliza: Mbona zinahama? Ya tatu ilikwenda wapi? Usiku mmoja haukuweza kumjibu. Lakini alipolinganisha maandiko ya siku nyingi, alipata jibu. Hazikuwa nyota. Ilikuwa miezi minne inayozunguka Mushtarii, kama mwezi wetu unavyozunguka dunia. Mwezi ukipita nyuma ya Mushtarii, hauonekani.

Tangu zamani watu wengi walidhani kwamba vitu vyote vya mbinguni vinazunguka dunia. Sasa walijua kwamba si vyote. Kama Galileo asingaliandika usiku wa kwanza, usiku wa pili asingalijua kwamba zimehama.

Nawe unaweza kufanya hivyo. Darubini si lazima. Chukua kaye na kalamu. Andika tarehe, saa na mahali. Kisha andika ulichokiona, halafu swali lako. Kwa mfano:

«Tarehe 4 Oktoba, saa kumi na mbili jioni, nyuma ya jikoni. Mvua imekatika. Kumbikumbi wanatoka katika kichuguu. Swali: Kwa nini jana hawakutoka?»

Shika mambo matatu. Kwanza, usichanganye ulichokiona na unachokidhani. Kila kimoja kiwe na mstari wake. Pili, siku usipoona kitu, andika hivyo, kama Galileo alivyofanya siku ya mawingu. Tatu, ukigundua kwamba ulikosa, usifute. Andika chini yake tarehe mpya na jambo jipya. Anayefuta hawezi kuona njia aliyopita.

Usiogope swali lisilo na jibu. Liache katika kaye. Pengine mvua ya mwaka ujao italijibu.

MASWALI
1. Tarehe 9 Januari Galileo aliona nini?
2. Kwa nini usiku mmoja haukutosha?
3. Kwa nini haifai kufuta?

KAZI
Kwa siku saba, kila jioni saa moja, simama mahali pale pale. Chora mwezi na mahali ulipo. Usipouona, andika hivyo. Siku ya nane linganisha michoro yako. Umeona nini? Una swali gani?