Gil Hodges na Watu wa Brooklyn

Katika mchezo wa besiboli mtu mmoja hutupa mpira, na mpinzani wake hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbilia kituo cha kwanza. Hapo kituoni yupo mlinzi, ambaye kazi yake ni kuudaka mpira kabla mkimbiaji hajafika. Katika miaka ya 1950 huko Marekani, walinzi wa kituo hicho waliosifiwa kama Gil Hodges walikuwa wachache.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1924 katika jimbo la Indiana, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Mwaka 1943 aliichezea timu ya Dodgers ya Brooklyn, katika jiji la New York, siku moja tu. Kisha akaenda vitani, akafika hata Okinawa. Aliporudi alikuwa mdakaji akaaye nyuma ya mpigaji. Lakini mwaka 1948 akaja Roy Campanella, aliye hodari zaidi kwa kazi ile, na Hodges akahamishiwa kituo cha kwanza. Viganja vyake vilikuwa vikubwa hata wenzake wakamtania kwamba huvaa glavu kwa kufuata desturi tu. Tarehe 31 Agosti 1950, katika mchezo mmoja, aliupeleka mpira nje ya uwanja mara nne.

Basi, fikirini huzuni ya mtu wa namna hiyo mwaka 1952. Dodgers walishindana na Yankees kwa ajili ya ubingwa wa nchi, michezo saba. Hodges alijaribu mara 21 asipate hata pigo moja lililo jema, na timu yake ikashindwa. Watazamaji wa michezo si watu wa huruma. Jana humbeba mtu mabegani, leo humzomea. Lakini watu wa Brooklyn hawakumzomea Hodges. Walimshangilia kila aliposhika gongo, wakampelekea barua nyingi za kumtia moyo.

Hata msimu wa 1953 ulipoanza, hali ikawa ile ile. Ndipo Jumapili moja ya mwezi wa Mei Padre Herbert Redmond, wa kanisa moja la Brooklyn, akawaambia waumini kwamba joto limezidi, hatahubiri. Waende nyumbani, wazishike amri za Mungu, na wamwombee Gil Hodges. Sidhani kama wako waliolalamika kwa kukosa mahubiri.

Wakati huo mkuu wa timu, Charlie Dressen, alimwonyesha Hodges picha za sinema za namna anavyopiga, aone jinsi mguu wake unavyokwepa mpira unapokuja. Atakaye kuchagua kati ya sala na sinema, na achague. Hodges mwenyewe aliumaliza mwaka ule akiwa amepeleka mpira nje ya uwanja mara 31.

Mwaka 1955 Dodgers waliwashinda Yankees, wakapata ubingwa wao wa kwanza. Katika mchezo wa mwisho walipata alama mbili, na zote mbili zililetwa na mapigo ya Hodges. Mpira wa mwisho uliomtoa mpinzani ulidakwa naye.

Baadaye akawa mkuu wa timu ya Mets, akaipatia ubingwa mwaka 1969. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo siku ya Pasaka, tarehe 2 Aprili 1972, umri wake miaka 47. Heshima ya kuandikwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli ilikawia mno: kura ilimkubali Desemba 2021. Mjane wake, Joan, binti wa Brooklyn, alikuwa hai bado, akaisikia habari hiyo.