Ujima wa Kompyuta Ndogo: Maelezo ya Kazi na ya Jina Lake

Katika makala haya nimekusudia kueleza kazi moja ya siku hizi ambayo jina lake katika Kiswahili bado halijatulia. Kazi yenyewe ni hii: mtu mwenye kompyuta, au simu, au kile kibao kidogo cha kompyuta kisichozidi sana ukubwa wa kadi ya benki, huwaazimisha wataalamu wa sayansi mashine yake wakati yeye mwenyewe haitumii. Wataalamu humpelekea kipande cha hesabu kwa njia ya intaneti; mashine hukikokotoa na kurudisha jibu; kisha hupewa kipande kingine. Mwenye mashine halipwi kitu. Maelfu ya watu wakifanya hivyo pamoja, hupatikana nguvu ya hesabu ambayo pengine isingepatikana ila kwa fedha nyingi.

Wanaoiandika habari hii kwa Kiswahili hutumia majina mengi, na mengine ni tafsiri nzito zisizomwambia msikilizaji jambo lolote. Nadhani haifai kulichagua jina kabla ya kuielewa kazi. Kwa hiyo nitaieleza kazi kwanza, nikitazama hasa zile mashine ndogo, ndipo nirudi kwenye jina.

Asili yake

Mwaka 1996 George Woltman wa Marekani alianzisha ushirika wa kutafuta namba tasa za aina iitwayo Mersenne, kwa kutumia kompyuta za watu waliopenda kusaidia. Lakini kazi iliyoitangaza njia hii ulimwenguni ni SETI@home, iliyozinduliwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tarehe 17 Mei 1999. Humo yalichunguzwa mawimbi ya redio yaliyopokewa na darubini kubwa ya Arecibo, kisiwani Puerto Rico, ili kutafuta dalili za viumbe wenye akili walio nje ya dunia yetu. Watu zaidi ya milioni 5 walijiunga. Dalili hiyo haikuthibitishwa, na ugawaji wa kazi ukasimamishwa tarehe 31 Machi 2020.

Hata hivyo jitihada ile haikupotea bure. Tangu mwaka 2002 David Anderson na wenzake wa Berkeley walitengeneza programu iitwayo BOINC, ambayo sayansi yoyote yaweza kuitumia kwa kugawa hesabu zake. Kwa programu hiyo, Einstein@Home, iliyoanza mwaka 2005, iliweza kutangaza mwaka 2010 nyota mpya ya aina ya pulsa, yaani nyota ndogo iliyo nzito mno, izungukayo upesi na kutoa mawimbi kwa mapigo. Iligunduliwa na kompyuta za watu wa kawaida, moja ikiwa Iowa, Marekani, na nyingine Ujerumani.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunayo sababu ya kuikumbuka kazi nyingine, iliyoitwa malariacontrol.net. Hiyo iliongozwa na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyokuwa Basel, ambayo uhusiano wake na Ifakara, Tanzania, ni wa tangu miaka ya 1950. Kompyuta za waliojitolea zilikokotoa jinsi malaria inavyoenea katika jamii, na jinsi hali ingalivyobadilika kwa kinga ya namna hii au ile. Kazi hiyo nayo imekwisha, lakini yaonyesha kwamba mambo haya si ya nyota za mbali tu.

Jinsi kazi inavyogawanywa

Si kila hesabu yafaa kugawanywa hivi. Mfano wa nyumbani utatusaidia. Watu wakivuta jahazi kulipandisha pwani, hapana budi wavute wote kwa wakati mmoja. Mmoja akichelewa, nguvu za wenziwe hupungua. Lakini watu wakilima shamba la jirani, kila mmoja hupimiwa ngwe yake, akailima kwa kadiri ya nguvu zake. Huyu akimaliza saa tatu na yule saa sita, shamba halidhuriki, maana ngwe ya huyu haiingojei ngwe ya yule.

Hesabu nazo ni za namna hizo mbili. Utabiri wa hewa wa kesho ni kama kuvuta jahazi: hali ya hewa ya mahali pamoja hutegemea ya mahali pa jirani, na sehemu za hesabu hazina budi kupashana habari kila mara. Hizo hufanywa na mashine kubwa zilizowekwa katika chumba kimoja na kuunganishwa kwa nyaya za kasi. Bali kuchunguza mawimbi ya redio ni kama kulima. SETI@home ilikata sauti za anga katika vipande vya sekunde 107, na kila kipande kilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 350 hivi. Mwenye kipande kimoja hakuwa na haja ya kujua lolote juu ya kipande cha mwenzake.

Hapo ndipo mashine ndogo ipatapo nafasi yake. Ikiwa ngwe haziingojeani, mlimaji mnyonge naye ana faida. Hulima polepole, lakini alicholima kimelimwa. Sharti moja tu amewekewa: kila ngwe ina siku ya mwisho. Jibu lisiporudi mpaka siku hiyo, ngwe ile hupewa mwingine.

Amana ya pande mbili

Wanaolima shamba moja huonana. Mtu akilima ovyo ataonekana, na akisema amemaliza hali hajamaliza, jembe lake litamsuta. Katika kazi hii watu hawaonani kabisa. Mtaalamu hajui kama mashine iliyo maelfu ya maili kutoka kwake ni nzima au mbovu, wala kama mwenyewe ni mwaminifu. Mwenye mashine naye hajui kama programu anayoiingiza nyumbani mwake ni ya sayansi au ya wizi.

Shaka ya kwanza huondolewa kwa ushahidi wa wawili. Ngwe ile ile hupewa mashine mbili au zaidi zisizojuana, na majibu yakilingana ndipo hukubaliwa. Ndiyo maana sifa ya ile nyota ya mwaka 2010 iligawanywa baina ya pande mbili. Lakini hapa pana jambo ambalo asiyezoea hesabu za kompyuta hulistaajabia: mashine mbili nzima, zenye prosesa za aina mbalimbali, zaweza kutoa majibu yasiyolingana katika tarakimu za mwisho, na zote mbili zisiwe na kosa. Namba zenye desimali nyingi hukatwa mahali fulani ili zitoshe katika kumbukumbu, na utaratibu wa kukata na kujumlisha hutofautiana kidogo kwa kila programu na kila prosesa. Katika hesabu yenye hatua mamilioni, tofauti hiyo ndogo hukua. Kwa hiyo wasimamizi huchagua moja katika mawili: ama huweka kiasi cha tofauti inayovumilika, ama huhakikisha kwamba ngwe moja inapewa mashine za jamii moja tu.

Shaka ya pili huondolewa kwa muhuri. Kila programu inayotumwa kwa njia ya BOINC hutiwa sahihi ya siri ya kihesabu, na mashine ya mpokeaji hukataa isiyo na sahihi hiyo. Wasimamizi hushauriwa waiweke siri yenyewe katika kompyuta isiyounganishwa na mtandao wowote, ili mwizi akivunja seva asiweze kuutumia muhuri.

Hali ya mashine ndogo

Kibao cha Raspberry Pi, kilichobuniwa Cambridge, Uingereza, kilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Kilikusudiwa kuwafunza vijana kuandika programu, na bei yake ilikuwa dola 35. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 256 tu, na hesabu nyingi za sayansi hazikutosha humo. Vilivyofuata vikaongezeka nguvu: cha mwaka 2015 kilikuwa na prosesa yenye viini vinne, na cha 2019 kiliweza kupatikana na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Upande wa simu, BOINC ilitolewa kwa simu za Android mwaka 2013.

Prosesa za vibao hivi na za simu nyingi ni za aina ya ARM, nazo hazifahamu amri zilizoandikwa kwa kompyuta za kawaida za mezani. Basi kila programu ya sayansi haina budi kutayarishwa upya kwa ajili yao. Einstein@Home ilitayarisha programu ya kutafuta pulsa kwa mashine hizo; na mwaka 2020, ulimwengu ulipokuwa katika taabu ya UVIKO-19, Rosetta@home ya Chuo Kikuu cha Washington, inayochunguza maumbo ya protini, nayo ilipata programu ya ARM. Mwenye kibao lazima aulize kwanza: je, ipo kazi iliyotayarishwa kwa mashine yangu, na je, kumbukumbu yake yatosha? Akikosa kuuliza atangoja kazi isiyokuja.

Tena mashine hizi zina adui wawili. Wa kwanza ni joto. Raspberry Pi ikifika nyuzi 80 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe. Kwa hiyo katika nyumba za pwani kibao kisicho na feni au bati la kupoza huweza kukesha kikifanya kazi nusu. Kwa simu joto ni baya zaidi, maana huichakaza betri. Kwa sababu hiyo BOINC ya simu imewekewa masharti tangu mwanzo: haifanyi hesabu ila simu iwe katika chaja na betri imejaa asilimia 90, wala haichukui data ila kwa waifai. Simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka yaweza kutumika vizuri. Bali simu ambayo betri yake imevimba isitumike kamwe, kwani yaweza kuwaka moto.

Adui wa pili ni uandishi wa mara kwa mara. Programu huandika ilipofikia, ili umeme ukikatika isirudie yote. Vibao vingi huandika katika kadi ndogo ya kumbukumbu, na kadi hiyo huchakaa kwa kuandikwa. Inafaa basi kuongeza muda baina ya uandishi mmoja na mwingine. Lakini penye umeme unaokatika mara nyingi muda huo usiwe mrefu mno. Kila mtu apime kwake.

Hesabu ya gharama

Kazi hii si ya bure, ingawa wengi huiita hivyo. Kibao kinachotumia kama wati 6, kikifanya kazi usiku na mchana kwa siku 30, hutumia uniti 4.32 za umeme. Kompyuta ya mezani ya wati 100 kwa muda huo hutumia uniti 72. Tofauti hiyo yapendeza, na wengi wamedhani kwamba vibao vidogo ndivyo njia bora ya kufanya hesabu kubwa. Sivyo. Kompyuta kubwa ya kisasa hula umeme mwingi, lakini kazi yake nayo ni nyingi zaidi, hata aghalabu humshinda mdogo kwa kila uniti moja. Anayenunua vibao kumi kwa ajili ya kazi hii peke yake amekosea hesabu. Fadhila ya mashine ndogo ni kwamba tayari ipo, tayari imenunuliwa, na imekaa bure. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba hiyo iwe ni ya ziada, isiwe imekopwa dukani.

Juu ya jina

Sasa twaweza kurudi kwenye jina. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kazi ya pamoja. Harambee ni wito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa mara moja, nao ukawa wito wa taifa la Kenya tangu Uhuru mwaka 1963. Ni neno zuri, lakini lafaa zaidi zile mashine kubwa zinazovuta jahazi moja. Msaragambo hueleweka zaidi katika sehemu za Tanga na Upare. Ujima ndio unaokaribia kabisa: kila mtu na ngwe yake, kwa wakati wake, katika shamba la mwenziwe. Napendekeza basi tuseme *ujima wa kompyuta*, na kile kipande cha kazi tukiite *ngwe*. Neno hili limekwisha kubeba maana yote tunayoitaka: kipande kilichopimwa, akapewa mtu mmoja, na ambacho atakuja kuulizwa habari zake.

Mtu aweza kupinga akasema kwamba katika ujima leo nakulimia mimi, kesho wanilimia wewe, na hapa mwenye simu hatalimiwa na mtaalamu. Pingamizi hilo lina nguvu. Jibu langu ni kwamba malipo ya ujima huu ni matokeo kutangazwa wazi kwa watu wote. Na kazi inayoficha matokeo yake haistahili jina hili.

Lipo na jambo kubwa zaidi. Wako watu wanaoingiza katika simu za wenzao programu za siri, zikakokotoa hesabu za kujipatia fedha za kidijitali, huku mwenye simu akishangaa betri yake kwisha na simu kupata moto. Kwa macho, mambo hayo mawili hayatofautiani: simu moja, joto moja, hesabu moja. Yatofautianayo ni ridhaa na ujuzi wa mwenye simu. Kiswahili kinazo tayari njia mbili za kuyasema. Kazi ya pamoja ifanywayo kwa ridhaa ni ujima. Kazi ya kutumikishwa bila ridhaa wala ujira ni shokoa. Anayeombwa kuazimisha simu yake na aelezwe kwa maneno anayoyafahamu kwamba ataulizwa umeme, betri na bando, na kwamba aweza kukataa. Tukimpa maneno hayo mawili, ataweza kuuliza mwenyewe ni lipi kati yao analoitiwa.