Kigimbi Kinapobana Usiku wa Manane

Saa nane za usiku mzee anashtuka usingizini. Kigimbi kimejikusanya fundo gumu linaloonekana kwa macho, vidole vya mguu vimejipinda kuelekea chini, na hawezi hata kusema vizuri kinachomsumbua. Maumivu hayo huisha baada ya sekunde kadhaa, au yakakaa hadi dakika kumi, na kesho yake mguu bado unauma. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliovuka miaka 60 hubanwa na misuli namna hii, na umri ukisonga hali huzidi. Wengi hawamwambii daktari, kwa kudhani ndio uzee wenyewe. Wakimweleza jirani, jibu liko tayari: ongeza chumvi, kula ndizi, kunywa maji.

Ushauri huo haukuzuka hivi hivi. Miaka ya 1920 ilionekana kwamba wachimba makaa ya mawe wa Uingereza, waliotoka jasho kutwa nzima kwenye joto la chini ya ardhi na kunywa maji matupu, walibanwa vibaya na misuli kwa sababu chumvi ilikuwa imewaishia mwilini. Kwao ilikuwa kweli. Lakini bibi wa miaka 75 aliyeshinda barazani akichambua mchele hana upungufu wa mchimba migodi. Hata kwa wanamichezo hoja ya chumvi imeyumba. Mwaka 1997 mtafiti Martin Schwellnus na wenzake wa Cape Town walipendekeza kuwa chanzo ni mishipa ya fahamu inayouamuru msuli uliochoka, na damu ya wakimbiaji waliobanwa ilipopimwa baadaye, madini yake hayakutofautiana sana na ya wenzao waliomaliza mbio salama.

Kwa mzee mambo yako hivi. Ndani ya uti wa mgongo mna seli za fahamu, kila moja ikiamrisha kundi lake la nyuzi za misuli. Tunavyozeeka seli hizo hupungua, na zinazobaki hurithi nyuzi zilizoachwa yatima. Kwa hiyo seli moja ikifyatuka bila kuamriwa, nyuzi nyingi hujikunja kwa mpigo. Juu ya hapo, kano zimeshapungua urefu kwa miaka ya kukaa kitini zaidi ya kuchuchumaa, na tunapolala nyayo huelekea chini. Mkao huo unakifupisha kigimbi kabla hakijafanya lolote; msukumo mdogo tu unatosha kukikaza.

Ndiyo maana mimi huanza na kunyoosha, wala si na kidonge. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2012 uliwachukua watu 80 wenye zaidi ya miaka 55 waliokuwa wakibanwa usiku. Nusu yao walinyoosha vigimbi na misuli ya nyuma ya paja kila siku kabla ya kulala, kwa wiki sita. Waliofanya hivyo walipata nafuu ya wazi, kwa wastani idadi ya kubanwa ikipungua kwa zaidi ya mara moja kila usiku, na maumivu nayo yakapungua makali.

Zoezi lenyewe halihitaji vifaa. Simama mbele ya ukuta kwa umbali wa mkono, weka viganja ukutani, kisha egemea mbele polepole huku visigino vikibaki chini kabisa. Utahisi kigimbi kikivutika, kisiume. Hesabu taratibu hadi kumi, pumzika, rudia mara tatu. Kwa mzee ambaye miguu haimshiki vizuri, ukuta si salama. Huyo namkalisha kitandani, mguu umenyooka mbele yake, kanga imezungushwa kwenye wayo chini kidogo ya vidole, naye anavuta ncha zote mbili kuelekea kifuani bila kukunja goti. Bibi mmoja alinionyesha kwamba kanga ikikunjwa mara mbili kwa urefu haitelezi, na tangu hapo nawafundisha wengine hivyo hivyo.

Msuli ukishabana, fanya jambo hilo hilo: nyoosha goti, vuta vidole kuelekea ugoko, shikilia mpaka fundo lilegee, ndipo uchue. Na hapa nina hofu kubwa kuliko maumivu yenyewe. Mzee aliyebanwa hukurupuka gizani, mguu mmoja haukanyagi, chandarua kimechomekwa chini ya godoro na kinamnasa. Nyonga iliyovunjika kwa namna hiyo inaweza kumlaza kitandani miezi. Tochi iwe karibu na mto, na mzee azoee kunyoosha mguu akiwa amekaa palepale kitandani.

Kisha mwombe alete dawa zake zote, si kuzitaja kwa mdomo bali kuzimwaga mezani. Vidonge vya presha vinavyomkojoza, dawa za kolesteroli za jamii ya statini na baadhi ya dawa za pumu za kuvuta vimehusishwa na kubanwa kwa misuli. Asiache hata kimoja kwa uamuzi wake, kwani presha isiyodhibitiwa huua. Apeleke swali kwa daktari, pengine kuna mbadala au dozi ya kurekebishwa.

Kwinini ni habari nyingine. Kwetu inajulikana kwa malaria, na wapo wanaoimeza kwa ajili ya misuli. Inapunguza kubanwa kwa kiasi fulani, sikatai, lakini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuangamiza chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizuia kuuzwa kwake bila cheti cha daktari kwa ajili ya misuli mwaka 1994, na ikaonya tena vikali mwaka 2006. Magnesi inayouzwa kwa bei kubwa madukani haina hatari hiyo, ila uchambuzi wa tafiti uliofanywa na shirika la Cochrane mwaka 2020 ulikuta kwamba haielekei kuwasaidia wazee kwa kiwango cha maana. Ndizi ni chakula kizuri, lakini mzee mwenye figo mbovu asizile kama dawa, maana potasiamu ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama.

Si kila maumivu ya mguu ni msuli kubana. Kigimbi kinachouma mzee akitembea kidogo na kutulia akisimama huashiria mishipa ya damu iliyoziba. Nyayo zenye ganzi kwa mwenye kisukari zinahitaji kliniki, na zisitumbukizwe kwenye maji ya moto, kwani zitaungua mwenyewe asihisi. Misuli inayosinyaa au mguu unaozidi kukosa nguvu usisubiri. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma mfululizo, huenda damu imeganda ndani. Mguu huo usichuliwe hata na fundi hodari, kwa kuwa bonge la damu likichomoka huweza kupanda hadi mapafuni. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.