Klachi ya Pikipiki Kuukuu

Uroa ni kijiji cha wavuvi katika pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, kaskazini ya Chwaka. Kutoka huko mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 30, na samaki aliyekwisha kutoka majini hangoji mtu. Mchukuzi akikwama njiani, samaki huharibika na faida ya siku hupotea. Kwa hiyo mwenye kuchukua tenga kwa pikipiki kuukuu hana budi kuijua klachi yake. Klachi haifi ghafula; huharibika kidogo kidogo, tena hutoa dalili mapema.

Kazi ya klachi

Injini ikisha kuwaka huzunguka daima, bali gurudumu mara huenda, mara husimama. Klachi ndiyo inayounganisha na kutenganisha viwili hivi. Ndani ya kifuniko cha injini mna pleti nyembamba za duara, zimepangwa kwa zamu: moja ya chuma tupu, moja iliyobandikwa vipande vya kushikia. Springi huzibana, hata zikazunguka kama kitu kimoja. Mwendeshaji akivuta kishikio kilicho upande wa kushoto, waya hushinda nguvu ya springi, pleti huachana, na nguvu ya injini haifiki tena kwenye gurudumu. Mfano wake ni viganja viwili: vikibanwa, kimoja kikigeuka humchukua mwenzake, vikilegezwa, kimoja hugeuka peke yake.

Maradhi mawili

Ugonjwa wa kwanza ni kuteleza. Injini hulia kwa nguvu, lakini mwendo hauongezeki, hasa penye mlima au mzigo mzito, na pengine husikika harufu ya kuungua. Ugonjwa wa pili ni kutoachana. Kishikio kimevutwa mpaka mwisho, lakini pikipiki bado hutaka kwenda mbele, na gia huingia kwa kishindo.

Kwanza, waya

Watu wengi hukimbilia kufungua injini, na kumbe ubaya uko katika waya. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huleta kutu. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, kishikio kivutwe polepole. Katika pikipiki nyingi ncha yake yapasa kwenda milimita 10 mpaka 20 kabla waya haujakaza; lakini kipimo cha kufuatwa ni kile cha kitabu cha pikipiki yenyewe. Pasipo nafasi hiyo, pleti hazibanwi sawasawa, nazo huteleza. Nafasi ikizidi, haziachani. Dawa yake ni kulegeza nati ya kufungia, kuzungusha skrubu ya kurekebishia mpaka kipimo kipatikane, kisha kukaza nati tena. Waya mzito hutiwa oili kwa juu mpaka itokeze chini. Ukianza kukatika nyuzi, hauna matengenezo, hutiwa mpya.

Pili, oili

Katika klachi ya namna hii pleti huzunguka ndani ya oili ya injini. Baadhi ya oili za motokaa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, nazo huzitelezesha pleti. Tangu mwaka 1998 kiko kipimo cha Kijapani cha oili za pikipiki. Ile ifaayo kwa klachi hii hujulikana kwa alama ya JASO MA katika chupa. Yenye alama ya MB haifai.

Tatu, pleti

Ikiwa klachi bado huteleza, ndipo kifuniko kifunguliwe. Oili humwagwa kwanza katika chombo. Bolti za springi hulegezwa kidogo kidogo kwa kukabiliana, si moja mpaka mwisho, ili springi zisivute upande. Pleti hupangwa juu ya kitambaa safi kwa taratibu zilivyotoka, mbali na mchanga. Zenye vipande vya kushikia hupimwa unene. Zilizopungua kuliko kipimo cha kitabu hutupwa. Za chuma hulazwa juu ya kioo: iliyopinda haitulii, na iliyogeuka rangi ya buluu imeungua. Springi zilizofupika hubadilishwa zote pamoja. Pleti mpya za kushikia hulowekwa katika oili safi saa kadhaa kabla ya kutiwa, maana zikiingia kavu huungua upesi. Mwisho hutiwa gasketi mpya, oili mpya, na waya hupimwa upya.

Oili chafu isimwagwe chini. Ardhi ya pwani ile ni ya mawe ya matumbawe yenye matundu mengi, na kimwagwacho juu hushuka upesi hata kwenye maji ya visima. Itiwe katika debe lenye kifuniko, ipelekwe kwa fundi.

Kuitunza

Mwendeshaji anayevuta kishikio nusu mchangani huziunguza pleti zake mwenyewe. Pikipiki ikisha kuondoka, kishikio kiachiwe kabisa. Na baada ya kutengenezwa, ijaribiwe karibu na nyumbani, bila mzigo. Ni afadhali ubaya uonekane hapo mchana, kuliko kuonekana katikati ya njia, tenga likiwa limejaa na jua linapanda.