Kitabu Kimetoka. Sasa Wasomaji Utawapata Wapi?

Umechapa kitabu chako kwa pesa ya akiba, labda na mkopo wa chama pia. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa ndugu, majirani na watu wa kanisani. Wiki iliyofuata simu ikanyamaza, na maboksi bado yako chini ya kitanda.

Usikate tamaa. Wale walikuja kwa sababu yako. Sasa tuwatafute wale watakaokuja kwa sababu ya kitabu.

Nenda waliko wasomaji. Miaka ya 1970 David Maillu hakungoja mchapishaji. Alianzisha Comb Books jijini Nairobi akatoa vitabu vyake mwenyewe. Wewe una maonyesho ya vitabu pale Sarit Centre, vilabu vya kusoma na shule za mtaani kwenu. Omba dakika kumi usome ukurasa mmoja. Shirikiana na waandishi wenzako pia: leo unabeba vitabu vyao, kesho wanabeba vyako.

Rahisisha malipo. Tumia till ya biashara badala ya namba yako binafsi, ili pesa ya kitabu isichanganyike na ya unga. Bandika namba ya till na bei mezani. Kabla ya kukabidhi kitabu, hakikisha ujumbe wa malipo umeingia kwenye simu YAKO. Ule anaokuonyesha mnunuzi unaweza kuwa feki.

Omba ruhusa. Hapa wengi huteleza. Wanachukua namba za waliolipa na kuzitia kwenye grupu la WhatsApp. Mtu amelipia kitabu, hakuomba matangazo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda. Muulize tu: "Nikitoa kingine, nikujulishe?" Akikubali, andika kwenye daftari jina, namba na mahali mlipokutana.

Jihadhari na oda tamu. Mtu akipiga simu kwamba shule inataka nakala 200, ila kwanza utume "pesa ya usajili", kata simu. Mnunuzi wa kweli hukulipa wewe.

Mwisho wa mwezi, linganisha taarifa ya till na daftari. Tuseme umeuza nakala 30 na watu 12 wamekubali kujulishwa. Hao 12 ndio mtaji wako. Kitabu cha pili kikitoka, waambie wao kwanza.

Na kama kawaida: PIN yako, siri yako.