Kabla wazee wetu hawajaondoka: Namna ya kuchagua kinasa sauti

Mwaka jana kamati ya msikiti wetu, huku Mbagala, iliazimia kuhifadhi historia ya msikiti kwa sauti za wazee wenyewe waliochimba msingi wake. Kazi hiyo nikakabidhiwa mimi, katibu. Nilikwenda kwa mzee mmoja baada ya Swala ya Alasiri, nikaweka simu yangu mezani, naye akasimulia kwa zaidi ya saa nzima: nani alitoa kiwanja, nani alisomba mchanga, na jinsi madrasa ilivyoanzia chini ya mwembe.

Niliporudi nyumbani kusikiliza, nilikuta dakika kumi na moja tu. Simu ilikuwa imepigwa katikati ya mazungumzo, kurekodi kukakatika, nami sikutambua. Hata hizo dakika chache zilifunikwa na mvumo wa feni. Nikapanga kurudi kwake wiki iliyofuata, lakini kabla haijafika tulikuwa tumekwishamzika. Allah amrehemu.

Ndugu msomaji, nakusimulia haya ili familia yako isipatwe na majuto kama yangu. Sehemu kubwa ya historia yetu haimo katika majalada. Imo vifuani mwa watu. Mwandishi Mohamed Said, alipoandika maisha ya Abdulwahid Sykes katika kitabu kilichotoka mwaka 1998, aliegemea sana kumbukumbu za wazee wa Dar es Salaam. Lau wazee wale wasingesikilizwa wakingali hai, mengi kuhusu mji huu na harakati za TANU yangezikwa pamoja nao.

Basi ni chombo gani kinafaa? Vijana wanaotaka kuanzisha podikasti za darsa nao huniuliza swali hilo. Baada ya kuhangaika Kariakoo na kujaribu vyombo vya wenzangu, nimejifunza mambo manne.

La kwanza ni vipaza sauti vya chombo chenyewe. Kinasa sauti cha Zoom H1n kina vipaza viwili vilivyopishana kwa pembe ya nyuzi 90, ambavyo husikia zaidi kilicho mbele yake. Tascam DR-05X husikia pande zote, hivyo hufaa kuwekwa katikati ya watu watatu au wanne, lakini feni na bajaji za nje navyo vitaingia. Sony ICD-PX470 ni kidogo na chepesi kutumia, kina nafasi ya ndani ya GB 4, na chatosha kwa mahojiano ya kawaida. Kwa mzee ambaye mara hunong'ona, mara hucheka kwa sauti kubwa, Zoom H1essential, iliyotoka mwaka 2024, ina faida yake: hurekodi kwa mfumo wa biti 32 usiohitaji kupangiwa kiwango cha sauti, hivyo kicheko hakipasuki na mnong'ono waweza kupandishwa baadaye.

La pili ni umbali, na hili lapita chapa zote. Chombo cha bei ya juu kilichowekwa upande wa pili wa sebule hushindwa na cha bei ndogo kilichowekwa shubiri mbili kutoka kinywani. Ukimsogelea mzungumzaji, sauti yake huongezeka ilhali mvumo wa chumba hubaki vile vile. Kwa hiyo chagua kinasa chenye tundu la kipaza sauti cha nje, upate kumbania mzee kipaza kidogo kwenye kanzu au bibi kwenye mtandio. Angalia na plagi: nyingi za vipaza vya simu zina mistari mitatu, na za vinasa sauti zina miwili, zisipolingana waweza kupata ukimya mtupu. Nunua pia kofia ya sponji ya kuzuia upepo.

La tatu ni hifadhi na umeme. Rekodi ya WAV ya ubora wa CD hula takriban MB 635 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 32 huchukua kama saa 50. MP3 hula kidogo zaidi, lakini hupoteza sehemu ya sauti isiyorudi tena. Rekodi asili iwe WAV. Jihadhari na kadi bandia: ijaze mafaili mpaka mwisho, kisha uyafungue, kabla ya kuiamini. Vinasa vya Zoom nilivyovitaja hutumia betri mbili za AAA, zile za rimoti, zinazopatikana kila duka la mtaani. Umeme ukikatika, kazi yaendelea.

La nne ni masikio yako. Chomeka spika za masikioni na usikilize dakika moja ya majaribio kabla mzee hajaanza. Zima feni, funga dirisha, epuka saa ya mvua ikiwa paa ni bati. Dakika moja hiyo ingeniokolea ile saa nzima.

Asiye na uwezo wa kununua asisubiri. Simu aliyonayo yatosha, mradi aiweke katika hali ya ndegeni ili isipigwe, na aisogeze karibu. Misikiti miwili au mitatu yaweza pia kuchangia chombo kimoja na kukipokezana.

Lililobaki ni amana. Muombe mzee idhini kabla ya kubonyeza, na umuulize kama sauti yake itabaki nyumbani au itasambazwa. Akisema jambo fulani lisitoke, lisitoke. Usiku ule ule toa nakala mbili, uziweke nyumba mbili tofauti, na uandike jina lake, mahali na tarehe.

Mwaka 1961 ilikamilika nchini Misri rekodi ya kwanza ya Qur'ani nzima, kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Yeye alifariki mwaka 1980, na hadi leo watoto wetu wanajifunza kwa sauti yake. Babu yako si msomaji mashuhuri, lakini wajukuu ambao hawajazaliwa nao wana haki ya kumsikia. Ijumaa hii, baada ya Swala, mtembelee.

Wabillahi tawfiq.