Mtoto Ambaye Kwao Hakukaliki: Kikundi cha Vijana Kinamsaidiaje?

Katika toleo hili tunaeleza namna kikundi cha vijana kinavyoweza kumsaidia mtoto anayetoka katika nyumba yenye ulevi, kipigo au wazazi waliotengana. Tunazungumzia Mpanda na vijiji vya Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliiweka Katavi ya kwanza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Mwaka 2022 kiwango kilishuka hadi asilimia 34, lakini wastani wa taifa ulikuwa 22. Si kila mimba inatokana na ugomvi wa nyumbani. Hata hivyo, binti anayekimbia kipigo hupokelewa upesi na mtu asiyemtakia mema.

Mpira, kwaya na maigizo huwavuta watoto, na ni jambo jema. Lakini kwa maoni yetu kifaa muhimu kuliko mpira ni daftari la mahudhurio. Mtoto aliyezoea kuja kila Jumamosi akikosekana mara mbili, kiongozi amfuatilie. Wakati wa mvua huenda yuko shambani kwenye mahindi au tumbaku. Basi ulizeni, msidhani. Katika maeneo kama Mishamo, mbali na Mpanda mjini, kiongozi huyo anaweza kuwa mtu mzima wa kwanza kugundua tatizo.

Akishagundua afanye nini? Hapa ndipo vikundi vingi huteleza. Asimwahidi mtoto kuwa atatunza siri, kwa sababu hataweza. Asiende peke yake kumkabili baba, maana usiku huohuo mtoto ndiye atakayelipa. Wala asikubali wazee wamalizane kifamilia kwa faini ya mbuzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mitaa. Pia lipo dawati la jinsia na watoto polisi, na simu 116 ambayo haina malipo.

Kikundi nacho kijilinde. Wawepo walezi wawili wakati wote, mmoja mwanamke, na asiwepo mlezi wa kujifungia na mtoto. Mwenye nia mbaya naye hupenda mahali penye watoto wengi.

Tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni. Wengi huona aibu kurudi darasani kabla ya kuonekana tena mbele za wenzao. Jina lake lisifutwe kwenye daftari, na nafasi yake katika kwaya ibaki wazi. Akija na mtoto mgongoni, apatikane wa kumpokea mtoto huyo wakati wa mazoezi.